Jembe la siku ya tatu

Tumsifu Yesu Kristo. Assalaam alaykum. Na kwenu mlio hapa ambao salamu zote mbili si zenu, nawasalimu kwa heshima ile ile.

Nimeombwa nieleze safari yangu ya kiroho, mimi padre niliyejifunza kutoka kwa watu wa dini nyingine. Nilikubali upesi, kisha nikakaa siku nyingi na karatasi nyeupe mbele yangu. Najua watu wanavyofikiri wakisikia habari za padre wa namna hiyo. Wapo watakaosema imani imempungua. Wengine watasema amekuja kutuambia kwamba dini zote ni moja. Kwa hiyo niliweke wazi hili mapema. Naadhimisha Misa kila siku. Nasadiki kwamba Yesu Kristo ni Mwana wa Mungu, kwamba alisulubiwa, akafa, akafufuka. Masheikh walioketi mstari wa mbele hawasadiki hivyo, nao wanajua kwamba najua. Tumefahamiana kiasi cha kutofichana jambo hilo, na kwangu huo ni urafiki mkubwa kuliko ule wa kujifanya tunakubaliana.

Nianzie hospitalini.

Ulikuwa mwaka wangu wa sita wa upadre. Niliitwa kabla hakujapambazuka, nikampe Mpako wa Wagonjwa muumini wangu mmoja aliyelazwa wodi ya wanaume. Nilimpaka mafuta, nikasali naye, nikakaa kidogo pembeni mwa kitanda nikimshika mkono hadi akasinzia. Kitanda cha pili kulikuwa na mzee mwembamba, dripu mkononi, hawezi hata kuketi bila kushikwa. Nikamwona anaingiza mkono chini ya mto, taratibu sana, akatoa jiwe. Jiwe dogo, ukubwa wa ngumi ya mtoto, limelainika kwa kushikwashikwa. Akaligusa kwa viganja, akapangusa uso. Akaligusa tena, akapangusa mikono, kwanza wa kulia, halafu ule wa dripu, akiuzungukia mpira kwa uangalifu asiuchomoe.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hiyo ni tayamamu, udhu wa mtu asiyeweza kutumia maji. Wakati ule sikujua. Niliona tu mzee anapangusa uso kwa mikono iliyogusa jiwe, kama anayenawa maji safi ya asubuhi. Kisha akaanza kusali, chali vile vile. Penye kurukuu aliinamisha kichwa kidogo. Penye kusujudu alikiinamisha zaidi kidogo. Tofauti kati ya rukuu yake na sijida yake haikuzidi upana wa vidole viwili, lakini aliilinda. Hakuziacha zifanane.

Alipomaliza akageuza uso akanikuta namtazama. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba." Akaniangalia kola yangu, akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anavyomuuliza mwenzake wa kazi moja: "Padre, na wewe umeshasali?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Nilidanganya. Kitabu changu cha Masifu kilikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, chini ya koti, na ilikuwa siku ya tatu sijakifungua. Mnajua kwamba sisi mapadre tunaahidi kusali Sala ya Kanisa kila siku, asubuhi, mchana, jioni, hadi usiku. Tunaahidi siku tunayopewa ushemasi, mbele ya askofu na mbele ya wazazi wetu. Mimi nilikuwa nimeanza kuiona kama deni dogo la dukani, la kulipa nikipata nafasi. Nilikuwa na kazi nyingi za Mungu. Kikao, ujenzi, mazishi, kikao tena. Mzee yule hakuwa na kazi yoyote isipokuwa kufa, nayo hakuiruhusu impitishe saa ya sala.

Siku ile sikujifunza fundisho lolote la Uislamu. Nilijifunza kwamba mwili unasali. Nilirudi nyumbani, nikafunga mlango wa kikanisa chetu kidogo, nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho paji la uso wangu liligusa sakafu. Siku ya kupadrishwa nililala kifudifudi sakafuni, waamini wakiimba Litania ya Watakatifu juu yangu. Ijumaa Kuu nayo, mara moja kwa mwaka, kwa sababu kitabu cha ibada kinasema hivyo. Basi. Kanisa langu lilikuwa nayo hazina hiyo tangu zamani, wamonaki wa kale jangwani walisujudu mamia ya mara, na mimi niliiacha kabatini kama nguo za sikukuu. Alinikumbusha mtu ambaye hakujua kama ananikumbusha.

Lakini kuguswa ni jambo jepesi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimeona wengi wetu, tunaopenda mikutano ya namna hii, tukiishia siku ya pili. Tunaingia nyumba ya jirani, tunasifu mazulia, tunasifu harufu ya udi, tunapiga picha ya pamoja, tunaondoka. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo kwa muda. Nilimtaja yule mzee katika mahubiri, watu wakafurahi, nikajiona mtu wa moyo mpana. Na bado nilikuwa nikifundisha katekesi maneno juu ya Waislamu niliyoyaokota kwenye kijitabu ambacho sikuwahi kumuuliza Mwislamu hata mmoja kama ni kweli.

Aliyenipa jembe alikuwa mwalimu wa madrasa. Alisikia kwa watu yale niliyokuwa nikifundisha, akaja nyumbani. Hakuja kugombana. Alikuja na msahafu umefungwa kwa kitambaa, akaniomba maji ya kunawa, akafungua sura ya Al-Maida, aya ya 82. Akanisomea kwa Kiarabu, halafu akanitafsiria. Aya ile inasema kwamba walio karibu zaidi na Waislamu kwa mapenzi ni wale wasemao "sisi ni Wakristo", kwa kuwa wamo kati yao makasisi na wamonaki, na kwa kuwa hawatakabari.

Akafunga msahafu. Akasema, "Padre, nimekuja kuuliza tu kama aya hii bado inakuhusu."

Sikulala vizuri usiku ule. Sifa ile ina sharti, na mimi nilikuwa nimeliangusha sharti njiani. Kesho yake nilimwomba anifundishe. Tukakutana kila juma, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Nilijifunza kusoma herufi kwa shida. Nilijifunza kwamba sura nzima inaitwa kwa jina la Mama Maria, na kwamba nikimzungumzia Maria mbele ya Mwislamu sizungumzii mtu asiyemjua. Nilijifunza pia pale ambapo njia zinaachana, msalabani kabisa, na kwamba hakuna chai itakayoziunganisha njia hizo. Yeye naye aliniuliza maswali magumu juu ya Utatu ambayo seminari ilikuwa imenifundisha kuyajibu kwa haraka mno.

Wapo walionitangulia katika jembe hilo, na nawataja kwa sababu wamenifariji. Charles de Foucauld, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1858, alipoteza imani akiwa kijana. Mwaka 1883 aliingia Moroko kwa kujificha, amevaa kama rabi wa Kiyahudi, akiipima nchi kama mvumbuzi. Kule aliwaona Waislamu wakisali. Miaka baadaye alimwandikia rafiki yake kwamba Uislamu ulimtikisa kwa ndani, kwamba kuwaona watu wanaoishi mbele ya Mungu daima kulimfanya atambue kuna kitu kikubwa na cha kweli kuliko shughuli za dunia. Mwaka 1886 alirudi katika Kanisa lake. Angalieni njia aliyopita. Waislamu ndio waliomrudisha kwenye kitubio, bila wao kujua, na bila yeye kuwa Mwislamu. Alipewa upadre mwaka 1901, akaenda kuishi Sahara, mwishowe Tamanrasset kati ya Watuareg.

Alienda kule akidhani ni yeye mwenye cha kutoa. Mwanzoni mwa mwaka 1908 aliugua karibu kufa, peke yake, katika ukame mkali. Noeli ya mwezi uliotangulia hakuweza hata kuadhimisha Misa, kwa kuwa hapakuwa na Mkristo mwingine wa kusali naye na sheria ya wakati ule ilikataza. Watuareg wenyewe walikuwa na njaa. Walizunguka hadi umbali wa kilomita 4 wakitafuta kila mbuzi mwenye tone la maziwa, wakamletea. Wanaomfahamu vizuri wanasema pale ndipo aligeuka: akawa mtu wa kupokea. Jembe lake lilikuwa lugha. Aliandika kamusi ya Kituareg na Kifaransa, kazi ya miaka, iliyochapwa katika juzuu 4 baada ya kifo chake, na akakusanya mashairi yao. Hakukosa kasoro. Alifikiri kama Mfaransa wa zama za ukoloni, na katika barua zake yamo maneno ambayo leo yanaumiza kuyasoma. Aliuawa tarehe 1 Desemba 1916. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2022.

Kwa Wayahudi nilijifunza kubishana.

Naona baadhi yenu mnatabasamu, lakini nasema kwa dhati, ni moja ya zawadi kubwa nilizopokea. Rabi mmoja alinialika kusoma naye, wawili wawili, kama desturi yao ilivyo, ukurasa mmoja, sauti juu, kila mmoja akimkamata mwenzake penye uzembe. Siku moja tulisoma kisa kilichomo katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho na mabishano ya marabi wa kale. Shule mbili, ya Hillel na ya Shammai, zilibishana miaka mitatu, kila moja ikisema sheria ni kama tusemavyo sisi. Ikatoka sauti mbinguni: haya na haya ni maneno ya Mungu aliye hai, lakini sheria inafuata shule ya Hillel. Wakauliza, ikiwa yote ni maneno ya Mungu aliye hai, kwa nini Hillel? Jibu likatolewa: kwa kuwa walikuwa wapole na wavumilivu, na walifundisha maneno yao pamoja na maneno ya wapinzani wao. Tena zaidi ya hapo, waliyatanguliza maneno ya wapinzani kabla ya yao.

Nilimwomba rabi turudie mstari ule wa mwisho. Tangu siku hiyo nina sheria moja mimbarini. Sitaji imani ya mtu mwingine ila kwa namna ambayo mwenyewe, akiwa amekaa kwenye benchi la nyuma, angesema, "Ndiyo, hivyo ndivyo tuaminivyo." Mara kadhaa nimelazimika kufuta nusu ya mahubiri. Na mara moja, baada ya kuieleza vizuri hoja ya anayempinga Mungu kabisa, kijana mmoja alinifuata sakristia akilia, akaniambia ni mara yake ya kwanza kusikia kanisani kwamba mashaka yake yana maneno.

Juu ya Wahindu nitasema machache, kwa sababu kwao bado niko siku ya pili, sijashika jembe. Nimesoma habari za mapadre wa Kibenedikto walioenda India. Henri Le Saux alifika mwaka 1948, na mwaka 1950 yeye na padre mwenzake Jules Monchanin walianzisha ashramu, yaani makao ya sala ya mtindo wa Kihindi, ya Shantivanam, kusini mwa India. Bede Griffiths, Mwingereza, alifika India mwaka 1955 na kuiongoza ashramu hiyo kuanzia mwaka 1968 hadi alipofariki mwaka 1993. Griffiths alisema alikwenda kutafuta nusu ya pili ya roho yake. Walivaa joho la rangi ya zafarani, wakala wameketi sakafuni, wakasoma Upanishadi, maandiko matakatifu ya Wahindu, pamoja na Zaburi. Wapo wanaowasifu, wapo waliowashtaki kwamba wamevuka mpaka. Le Saux hasa aliteseka, daftari zake zinaonyesha mtu aliyeraruliwa katikati. Namheshimu kwa kuwa hakujidanganya kwamba mraruko ule hauumi.

Kwa Wabudha nimekaa zaidi. Mmonaki wa Kibudha alinifundisha jambo moja tu kwa siku kumi: keti, vuta pumzi ukijua unavuta, itoe ukijua unaitoa. Nilitarajia amani. Siku ya pili nilikutana na kelele. Nilikuta kichwani mwangu kuna mtu anayehubiri bila kukoma. Anapanga mahubiri ya Jumapili, anamjibu paroko aliyemkosoa miaka minne iliyopita, anasifiwa kwenye mazishi yake mwenyewe. Na nikatambua kwamba mtu huyo ndiye aliyekuwa akiongea kila nilipodhani nasali. Mungu hakuwa amepata nafasi ya kusema.

Nilimweleza mmonaki. Akasema ni vizuri kwamba nimemwona. Nikamuuliza, sasa nimwombe Mungu amnyamazishe? Akanijibu waziwazi kwamba katika njia yake hakuna wa kuombwa, na asingependa nifikiri kwamba kimya chake ni sala yangu kwa jina jingine. Nilimshukuru kwa hilo. Ni rahisi mno kwetu kumwambia mtu, "wewe kumbe unamwabudu Mungu wangu ila hujui." Ni kuingia chumbani kwa mtu na kubandika jina lako mlangoni.

Nikarudi kwangu na kile kimya, nikakuta kwamba Zaburi ya 46 ilikuwa imeninong'oneza miaka yote: "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu." Neno la kwanza ni acheni. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kuacha chochote. Padre Hugo Enomiya-Lassalle, Mjesuiti Mjerumani aliyefika Japani mwaka 1929, alikuwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, akajeruhiwa na bomu lile, akapona, akasimamia ujenzi wa kanisa kuu la kumbukumbu ya amani pale pale, huku akiendelea kukaa katika kimya cha Zen, njia ya Kibudha ya kutafakari, hadi uzee wake. Nikiona jinsi ninavyoshindwa kukaa dakika ishirini kwa sababu ya mtu mmoja aliyenikosoa, humkumbuka.

Sasa niligeukie swali ambalo naulizwa karibu kila mahali, na waamini wangu ndio wanaoniuliza kwa uchungu zaidi. Mama mmoja, mwanachama wa muda mrefu wa jumuiya yetu ndogo, alisimama baada ya Misa akaniuliza mbele ya watu: "Baba Padre, kwani Yesu hakukutosha?"

Sitaki kulipita swali hilo mbio. Mama yule alikuwa ananipenda, na alikuwa anaogopa kunipoteza.

Nilimjibu kwa Injili. Nani katika Injili anasifiwa na Yesu kwa imani kubwa? Ni akida, askari, mtu asiye wa taifa la Israeli. "Hata katika Israeli sijaona imani kubwa namna hii," ndivyo Luka anavyoandika. Ni mwanamke Mkananayo, ambaye kwanza aliambiwa maneno magumu, akabishana, akashinda. Na anayewekwa kuwa mfano wa huruma ni Msamaria barabarani, huku kuhani, mtu wa kazi yangu, akipita upande wa pili. Waliofika Bethlehemu na zawadi walikuwa mamajusi waliosoma nyota. Petro alipoingia nyumbani kwa Kornelio alitambua "ya kuwa Mungu hana upendeleo", na huyo ni Petro, tayari mtume, tayari amekula na Yesu mfufuka, ndiyo kwanza anatambua. Nikamwambia mama, Yesu ananitosha. Kwa sababu ananitosha namfuata hata pale anapostaajabia imani ya mtu asiye wa nyumba yake. Yeye mwenyewe alistaajabu. Nifumbe macho mimi?

Kanisa langu lilishasema hivyo kabla sijawa padre. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wetu, ulipitisha tamko juu ya dini zisizo za Kikristo, kura 2,221 zikikubali na 88 zikikataa. Linasema Kanisa halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini hizo. Nililisoma seminarini, nikafanyia mtihani, nikafaulu. Ndivyo mtu anavyoweza kufaulu jambo bila kulijua.

Mama akaniuliza tena, na swali hili la pili ndilo lililonifunza zaidi: "Basi tutasalije, tusije tukachanganya?"

Nikamwomba asali Salamu Maria, taratibu. Akaanza. Nikamsimamisha kila neno. Salamu, neno la Kiarabu. Neema, la Kiarabu. Umebarikiwa, lina baraka ndani yake, la Kiarabu. Saa ya kufa kwetu, saa nayo. Nasadiki, sadaka, imani, roho, malaika, rehema, dhambi, na kitubio, ambacho kinatokana na toba. Lugha hii tunayosalia ililelewa kwanza na midomo ya Waislamu, nasi tukaikuta imeshazoea kumwita Mungu. Halafu nikamuuliza: na neno Mungu lenyewe? Hilo ni la Kibantu, la mababu ambao hawakuwa Waislamu wala Wakristo, na wote wawili tuliliokota kwao, hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha. Mama alikaa kimya. Kisha akamalizia Salamu Maria pale nilipomkatiza, kwa sauti ya chini, akasema Amina. Nalo Amina tumelipata kwa Wayahudi.

Sala yake haikuwa imechanganyika. Ilikuwa sala ya Kikatoliki kabisa, yake mwenyewe, na ilikuwa imebebwa na wengi.

Kabla sijamaliza, nimtaje mmoja tena. Christian de Chergé alikuwa kijana wa seminari alipopelekwa Algeria kama ofisa wa jeshi la Ufaransa wakati wa vita vya uhuru. Alifanya urafiki na Mohamed, askari wa kijiji, baba wa watoto kumi, Mwislamu wa sala. Siku moja waliposhambuliwa, Mohamed alisimama mbele yake akamkinga. Kesho yake alikutwa ameuawa kando ya kisima chake. Kabla ya hapo Christian alikuwa amemwahidi kumwombea, naye Mohamed akamjibu kwa masikitiko kwamba anajua atamwombea, lakini Wakristo hawajui kusali. Mnaona kwa nini kisa hiki kinanikamata shingoni.

Alipewa upadre mwaka 1964, akawa mmonaki wa Kitrapisti, shirika la sala na ukimya, akarudi Algeria mwaka 1971 katika monasteri ya Tibhirine, milimani. Alikwenda Rumi miaka miwili kusoma Kiarabu na Uislamu, jembe hilo, akarudi. Mwaka 1984 wenzake wakamchagua kuwa mkuu wao. Kijana mmoja jirani alikuwa akija kuzungumza naye mambo ya roho. Zilipopita siku nyingi bila kukutana, kijana alimwambia, "Ni muda mrefu hatujachimba kisima chetu." Wakaliweka kuwa neno lao: kukutana ni kuchimba kisima. Siku moja Christian alimtania, chini kabisa ya kisima chetu tutakuta nini, maji ya Kiislamu au ya Kikristo? Kijana akamtazama nusu akicheka nusu akihuzunika. Akamwambia, muda wote huu tunatembea pamoja na bado unaniuliza hivyo? Tutakuta maji ya Mungu.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi 1996, Christian na ndugu zake sita walitekwa. Mwezi Mei tangazo la kuuawa kwao lilitolewa. Walijua hatari ile, walipiga kura wakabaki, kwa sababu majirani wao hawakuwa na pa kukimbilia. Alikuwa ameandika wasia akimsamehe atakayemuua na kukataza kifo chake kitumiwe kuutukana Uislamu. Mwaka 2018, pamoja na mashahidi wengine 12 wa Algeria, walitangazwa wenyeheri mjini Oran.

Narudi wodini, nimalizie pale.

Nilikwenda tena siku nne baadaye, muumini wangu alikuwa anaendelea vizuri. Mzee wa kitanda cha pili hakuwa anaendelea vizuri. Jiwe lilikuwa juu ya shuka, karibu na mkono, lakini mkono haukufika. Mwanawe alikuwa amesimama kando, kijana mdogo, hajui aanze wapi. Mzee alinitambua. Alisema neno nisilolisikia. Kijana akainama, akasikiliza, akaniambia, "Anasema anataka kuelekea kibla. Kitanda kimekaa vibaya."

Nesi akaja, akafungua breki za magurudumu. Kijana akashika upande wa kichwa, mimi upande wa miguu. Muumini wangu, aliyepakwa mafuta juma lile lile, akajiinua kwenye kiwiko akatuelekeza, maana yeye alikuwa amelala kando ya mzee siku zote zile na alishajua anaelekeaga wapi. "Kidogo tena, Padre. Rudisha. Hapo." Nesi akakaza breki. Nikaliokota jiwe, nikaliweka chini ya kiganja cha mzee, nikakishika kiganja hadi kikatulia.

Aliniuliza tena lile swali lake, kwa midomo tu.

"Ndiyo, mzee," nikamwambia. "Leo nimesali."